Mguu wa Kiti cha Mwingereza

Wazungu walikuja Nachingwea kulima karanga, karanga zikawagomea, wakaondoka. Habari hiyo kila mtu wa huku anaijua, hata shuleni tulifundishwa. Kisichofundishwa ni kwamba waliacha viti. Waliacha viti, meza, makabati ya nguo na yale makabati marefu ya vyombo yasiyopita kwenye mlango wa nyumba ya kawaida. Kwa ajili ya makorokoro hayo nimekaa ndani ya banda moja tangu nilipomaliza kidato cha nne, na sasa nina mvi kidevuni.

Banda ni la mjomba wangu, kaka yake mama. Lipo nyuma ya nyumba yake, matofali ya kuchoma na bati juu, na lina dirisha moja linalofungwa karibu muda wote, kwa sababu vumbi likiingia polishi inaharibika na upepo ukiingia gundi inapoa. Wenzangu niliosoma nao wanauza simu Ruangwa mjini, wengine wanaendesha malori ya korosho, na mmoja ni diwani na tumbo lake limeshaota. Mimi nafunga dirisha.

Kazi yetu ni kutengeneza na kufufua samani za Kiingereza za zamani, kwa njia zile zile zilizotumika kuziunda. Ukisema hivyo stendi watu wanacheka. Lakini kazi ipo. Kuna wakala Dar es Salaam anayezitafuta kwenye ofisi za serikali, kwenye nyumba za mapadre na kwa familia za wafanyabiashara wa zamani, anatuletea zikiwa zimekatika miguu, zimeliwa na mchwa, zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani kama geti la shule. Sisi tunazirudisha zilivyokuwa. Hatupigi msumari mahali ambapo fundi wa kwanza hakupiga. Hatutumii mashine ya kupiga msasa. Rangi ya mbao mpya tunaiua kwa majani ya chai na kwa siki iliyolowekwa misumari yenye kutu, mpaka ifanane na mbao ya zamani. Nta ya nyuki tunapata kwa warina asali wa msituni, na hiyo, Mjomba anasema, ni bora kuliko ya Ulaya, ingawa Ulaya hajafika. Viti vyao vilijazwa manyoya ya farasi. Farasi mimi nimewaona kwenye simu, kwa hiyo tunajaza nywele za mikia ya ng'ombe kutoka machinjioni, na wenye viti wanakalia bila kuuliza.

Mjomba alifundishwa na mjomba wake, na huyo mjomba wake alifundishwa na seremala wa Kiingereza kambini, enzi za karanga. Mabwana wengine walikuja na vitu vya mababu zao, viti vya karne nyingine kabisa, vikivunjikia njiani kutoka bandarini, na yule seremala kazi yake ilikuwa kuviponya. Alipoondoka alimwachia kijana wake randa, patasi na sufuria ya gundi. Kijana alipozeeka akampa mpwa wake. Mpwa huyo ndiye Mjomba, na mpwa wa Mjomba ni mimi.

Kwetu kusini, kwa wale wanaofuata ya zamani, kitu hakitoki kwa baba kwenda kwa mwana. Kinatoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake, kwa sababu ukoo unashikwa na mama. Shehe wa msikitini anasema vingine, na Mjomba humsikiliza kwa heshima zote, akitoka nje anavaa viatu na kufanya ya kwao. Mama yangu alizaa wasichana wanne na mimi mmoja. Kwa hiyo siku nilipozaliwa banda lilikuwa limeshapata mrithi, na mrithi hakuulizwa.

Kilichoniuma miaka yote ni kwamba Mjomba ana mtoto wake wa kiume, na yule ndiye fundi. Sisemi kwa unyenyekevu wa bure. Binamu yangu alikuwa akishika kile kifurushi cha kitambaa chenye pamba ndani, akikichovya kwenye polishi na kuzungusha juu ya meza, taratibu, bila kukiinua, utasema mbao inapumua. Mimi nilikuwa naacha mistari. Lakini yeye ni wa ukoo wa mama yake, na vifaa havikuwa vyake, na Mjomba hakumficha. Siku moja aliweka kifurushi chini, akaenda Namungo kuchimba dhahabu. Huwa ananipigia.

"Mwanangu, huku freshi tu," ananiambia. "Vipi, bado mnawapaka poda wazee wa Kiingereza?"

"Bado."

"Mzee mzima?"

"Mzima. Anakuulizia."

Mjomba hajawahi kumuulizia. Nasema tu.

Mke wangu ni wa Chinongwe, upande wa Ruangwa. Nilimkuta nje ya uwanja siku ya mechi akiuza karanga za kukaanga, nikamwambia karanga ndizo zilizoniponza, hakuelewa, nikanunua mafungu yote nipate muda wa kumweleza. Tulipooana sharti lilisemwa wazi mbele ya watu: mwanamume anahamia kwa mke. Ndiyo desturi yetu pia. Sasa tazama mkasa wenyewe. Desturi ya mjomba inanitaka Nachingwea, desturi ya mke inanitaka Chinongwe, na zote mbili ni desturi za watu wale wale. Zamani labda mjomba na mke walikaa kijiji kimoja. Mimi nimewekwa katikati, na katikati kuna safari ya pikipiki inayochosha mgongo.

Mwanzoni alikubali kukaa na mimi Nachingwea, chumba kimoja karibu na banda. Alipopata ujauzito harufu ya gundi ikamshinda. Gundi yetu ni ya ngozi: mabaki ya ngozi ya ng'ombe tunayaloweka kwenye maji ya chokaa, tunayaosha, tunayachemsha kwa moto mdogo kutwa nzima, tunachuja na kukausha vipande. Mtaa mzima unajua siku tunayochemsha. Akaenda kwao kujifungua na hakurudi, na wala hakukosea, maana pale ndipo palipotakiwa pawe kwetu. Bibi yake alimpa shamba la mikorosho. Mimi nilichimba msingi wa nyumba kando ya shamba hilo, vyumba vitatu na baraza, nikaujaza mawe. Majani yameota humo. Binti yetu ameanza kusoma, na nikifika ananisalimia vizuri kabisa, shikamoo baba, kama anavyosalimia wageni wengine wa heshima.

Kila nilipomwomba Mjomba ruhusa ya kuhama alinijibu neno moja: "Maliza hiki kwanza." Hiki kilikuwa kabati lenye droo za mbele zilizobinuka. Baada yake kikawa meza ya kuandikia yenye kifuniko cha kukunja. Baada yake viti vya kulia chakula, seti nzima, kila kimoja na ugonjwa wake. Samani za Waingereza haziishi, na wakala akiona mmemaliza anashusha nyingine. Nilikuja kugundua kwamba "hiki" hakikuwa kitu fulani. Kilikuwa mimi.

Siku moja nilimjia juu. Alikuwa akinifokea kwa sababu nilikuwa nimenunua gundi ya dukani, ile nyeupe ya kopo, nikiunge kiguu kidogo tu cha meza ya chai. Kwake hilo ni kosa kubwa. Gundi ya ngozi ina kitu kimoja ambacho za dukani hazina: ukiipa joto na mvuke inaachia. Kiungo kikiharibika baada ya miaka mia, fundi mwingine anakifungua salama na kukiunga upya. Ya dukani ikishika imeshika, atakayetaka kufungua lazima avunje mbao.

"Unamfungia mlango fundi ambaye hajazaliwa," alisema. "Kitu lazima kiweze kufunguka."

"Na mimi je?" nilimwambia, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kiti kina haki ya kufunguka, mimi mtoto wa dada yako umenigandisha na gundi gani?"

Nilidhani atanitukana, lakini alikaa kwenye benchi, akajifuta chokaa mikononi, na akanijibu bila hasira.

"Kiti kikifunguka hakina pa kwenda. Wewe nikikufungua utaondoka."

Ungeweza kumchukia mtu anayekudanganya, lakini huyu alisema kweli yake yote. Nilichukua lile kopo la gundi nyeupe nikampelekea jirani anayetengeneza madawati.

Mwaka huu, majira ya baridi, wakati wa kupulizia dawa mikorosho, mke wangu alinipigia simu.

"Mjomba wangu anakuja huko," alisema. "Safari hii haji kula ugali. Anakuja kuuliza unahamia au huhamii. Ukisema huhamii, wananidaia talaka, na hapo yamekwisha."

"Wewe unataka nini?"

"Mimi nataka mwanamume wa kufunika ule msingi. Nakuja naye. Uongee, tafadhali. Usikae kimya kama kawaida yako."

Nilimwambia Mjomba siku hiyo hiyo. Alisema karibu waje, ni wakwe. Na mimi niliapa moyoni kwamba nikiulizwa nitasema nahama, iwe iwavyo, nitafungasha nguo zangu mbele ya macho yake. Nilikuwa nimeshaamua. Nataka hili lieleweke, kwa sababu watu wa Chinongwe wanasema sikuwahi kuamua.

Walilala kwa ndugu yao hapa mjini, wakatuma salamu kwamba watafika baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, wapate kurudi mapema. Alfajiri ndiyo saa yetu ya gundi. Gundi ya ngozi inashika kwa kupoa, na joto la Nachingwea linaichelewesha. England, Mjomba anasema, inashika hujamaliza hata Bismillahi. Hapa tunaiwahi kabla ya jua. Lakini ikiwa vuguvugu wakati wa kupakwa haina faida: inaganda juu juu, inajifanya imeshika, na ndani hakuna kitu. Kwa hiyo inapashwa kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, na kabla ya kupaka Mjomba anachovya kidole. Kidole kikistahimili ni baridi. Kikikataa ni tayari. Hilo hajawahi kumwachia mtu.

Asubuhi hiyo kulikuwa na kiti mezani, cha kale kuliko vyote tulivyowahi kuletewa, mgongo wake umechongwa kama utepe. Mguu wa nyuma ulikuwa umevunjika kwa mshazari, na nilikuwa nimeuchongea kipande kipya cha mkangazi kutoka kwenye mlango wa zamani. Nilikuwa nimeona kazi hiyo ingoje. Mjomba akasema hapana, baridi kama hii haipatikani kila siku. Akachovya kidole, akakiacha kidogo, akakitoa.

"Tayari," alisema, akapaka pande zote mbili, akanikabidhi. "Shika."

Mguu ule umepinda na unakonda kuelekea chini. Jiriwa haiukamati, na mipira ya tyubu ya pikipiki tunayofungia viungo vingine ingekivuta kipande pembeni. Unashikwa kwa viganja, kwa nguvu ile ile bila kupunguza, bila kutikisika, mpaka gundi igande. Nilibana. Na hapo hapo hodi ikapigwa.

Sijui kama alinipangia. Nimejiuliza sana. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya banda na mguu wa kiti mikononi, mke wangu akaingia na kitenge kipya, nyuma yake mjomba wake na fimbo. Nilisalimia kwa kichwa. Kupeana mkono sikuweza. Mjomba aliwakaribisha viti vya Kiingereza vinavyongoja matengenezo. Mjomba wa mke wangu alivitazama akachagua benchi.

Wazee waliulizana habari za afya, za mikorosho, za bei ya dawa ya unga, ndugu mmoja mmoja mpaka wakaisha. Kisha mgeni akasema lililomleta.

"Tuliwapa mke, tukangoja mume. Msingi umeota majani. Mtoto anakua kwa mama peke yake. Sisi hatujaja kwa ugomvi, tumekuja kusikia tu. Anakuja au haji?"

"Atakuja," alisema Mjomba. "Amalize hiki kwanza."

"Kipi?"

Mjomba alinionyesha kwa kidevu. Wote walinitazama, mimi na ule mguu.

Kwa desturi mwanamume hasemi mwenyewe mbele ya wakwe, mjomba wake ndiye mdomo wake. Nililijua hilo, na nilijua pia niliapa. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alipiga goti kidogo kwa mjomba wangu.

"Mjomba, nisameheni. Naomba nimsikie mwenyewe."

Mjomba wake alikohoa, lakini hakumkataza. Mke wangu akanigeukia.

"Baba mtoto, twende leo. Nguo zako chache, zitaingia kwenye mfuko mmoja. Twende."

Mikono yangu ilikuwa imeanza kuwaka mabegani. Nilifungua mdomo. Ningeweza kuuweka ule mguu chini. Gundi ya ngozi inapashwa tena, inapakwa tena, kesho kungekuwa na alfajiri nyingine. Nilijua yote hayo, ndiyo kazi yangu. Lakini nimefundishwa kubana miaka mingi kuliko nilivyofundishwa kuongea, na Mjomba, bila kuinua kichwa, alisema taratibu:

"Usiachie."

"Ningojeni kidogo," nilimwambia mke wangu. "Gundi ishike. Inakaribia."

Sikuona hasira usoni mwake, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nimengoja," alisema. "Shika basi."

Alisimama, akamuaga Mjomba kwa adabu zote, akamsaidia mjomba wake kuinuka. Mzee yule alinipita akigonga fimbo. Nikasikia bodaboda ikiwashwa nje, ikaondoka, ikabadilisha gia kwenye ule mlima wa kuelekea barabara kuu. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Nilimchukia Mjomba asubuhi ile kwa moyo wangu wote. Niliamua jambo jipya: mguu ukishika tu, nauweka mezani, natafuta pikipiki, nawakuta kabla hawajatoka mjini. Bado nilikuwa na muda.

Ulishika. Nilisikia viganjani umetulia, haukwepi tena. Nikalegeza taratibu, kidole baada ya kidole, na vipande viwili vikaachana mkononi mwangu bila sauti yoyote. Gundi ya ndani ilikuwa imeganda juu ya kila upande peke yake, kama utando wa uji uliopoa. Ilipakwa baridi.

Niligeuka kuitazama sufuria, kisha nikamtazama Mjomba. Alikuwa akiondoa sufuria ndogo kutoka kwenye maji, akilishika sikio la ile kubwa, la bati, lililokuwa juu ya makaa, kwa vidole vitupu. Ngozi ya vidole ilikuwa imebabuka na kutoa maji. Hakukunja uso. Aliiweka chini kwa uangalifu, akapangusa vidole vile vile kwenye shati, na hakujua kama vimeungua. Nilikumbuka ugonjwa wa sukari alioambiwa hospitali kuwa anao, na viatu alivyokuwa anavitafuta kwa macho huku amevivaa. Nikaelewa kwamba vidole vyake havihisi tena, kwamba alisema tayari kwa mazoea tu; ameshapoteza mikono, na bado hajaambiwa na mtu.

Mwanawe yuko shimoni Namungo. Dada yake, mama yangu, ameshakufa. Hakuna mwingine wa kuchovya kidole.

Bado nilikuwa nasikia bodaboda, mbali, au nilidhani nasikia.

"Imeshika?" aliuliza.

Niliviweka vipande viwili pamoja, nikavibana tena kwa viganja vyote, mahali pake kabisa.

"Imeshika, Mjomba," nikasema.